Kamera ya mamilioni, apacha huijui! Wapiga picha wa harusi mnatutia hasara

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, lugha ikiteleza mnisamehe.

Juzi juzi tumemwoza mdogo wangu. Kamati ikamleta kijana anayesifiwa sana mjini: kamera fulufremu, lenzi za maana, droni, wasaidizi wawili na fulana zao za kampuni. Bei laki 8, tukatanguliza laki 5. Jana picha zimefika.

Anzeni na ya familia, pale kwenye ngazi za kanisa. Watu 15, safu tatu. Waliokaa mbele unawahesabu hadi kope. Safu ya nyuma, alikosimama baba na wajomba waliotoka Tukuyu kwa basi, ni ukungu mtupu. Nikafungua taarifa za faili: lenzi ya milimita 50, f/1.4. Hiyo f ndiyo apacha, tundu la lenzi linalopitisha mwanga: namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na sehemu inayotoka bila ukungu inakuwa nyembamba. Kwa apacha hiyo, ukisimama mita 5 kutoka kwa watu, sehemu hiyo haifiki hata mita 1, mbele hadi nyuma. Na ilikuwa saa saba mchana, jua linawaka! Angefunga hadi f/8 tungeonekana wote. Nampigia, ananijibu, "Kaka, hiyo inaitwa boke, ndiyo picha za kisasa." Boke, yaani ukungu wa makusudi, ya kumfuta baba mzazi wa bibi harusi?

Iliyoniuma zaidi ni shela. Kamera haina habari kwamba mbele yake kuna harusi. Kipimo chake cha mwanga kinachukulia kila kitu ni kijivu cha wastani, kwa hiyo ukijaza fremu kwa shela jeupe inaona mwanga umezidi, inaupunguza. Basi shela likatoka la kijivu, na mdogo wangu, mweusi kama mimi, akabaki meno na hereni. Dawa ni kuongeza mwanga stopu 1 (yaani mwanga mara mbili) au moja na nusu, kitufe kipo palepale kwenye kidole. Watu weusi ndio sisi, mashela meupe tunayapiga kila Jumamosi, halafu hili mtu halijui?

Ukumbini sisemi sana. Watu wanaingia wakicheza, yeye shata, ule muda ambao kamera inapokea mwanga, kaweka 1/30 ya sekunde, polepole mno kwa watu wanaocheza. Wapambe hawana mikono, wana mabawa. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, aliogopa kuipandisha, eti picha zitakuwa na chenga. Zingekuwa na chenga, angalau tungejua nani ni nani!

Mtaani kwetu Magomeni kulikuwa na mzee wa studio. Filamu ya picha 36, kamera haina skrini, akikosea hajui mpaka aisafishe. Hakukosea, maana kila kosa lilikuwa hela yake.

Huyu wetu nilimuuliza kajifunzia wapi. Kozi ya wiki mbili: ya kwanza kurusha droni, ya pili kupaka rangi kwenye kompyuta. Apacha, shata na ISO? "Hivyo tuliambiwa kamera inajipangia yenyewe." Mwalimu naye kala ada, kalala usingizi.

Droni, kwa haki, imepiga vizuri. Paa la kanisa linaonekana bati kwa bati.

Nilipombana kuhusu baba akaniahidi kwamba harusi ijayo hatarudia, tatizo ni lenzi, na ameshaanza kudunduliza anunue ya f/1.2.

Laki 3 yake bado ninayo mfukoni na anapiga simu tangu asubuhi. Wakuu, mngekuwa ninyi mngemlipa?