Naomba ushauri: kompyuta ya kuunganisha na TV sebuleni, bajeti laki tano

Mluguru_Kilakala, Morogoro

Habari za jioni wakuu. Mama amehamia kwangu tangu Pasaka, na kwenye mizigo yake kuna boksi la DVD kama arobaini: sendofu na harusi za dada zangu, kipaimara cha mdogo wetu, msiba wa baba. Nyingine zimeanza kuganda katikati. Nataka nizihamishie zote kwenye mashine moja iliyounganishwa na TV, mama akae na rimoti yake aangalie anachotaka bila kumwita mtu. Mimi pia nina filamu kwenye diski ya nje ya TB 1, nyingi za ubora wa 1080p, chache za 4K, yaani kali zaidi.

TV ni inchi 43 ya 4K, sabufa ya kawaida. Nimepanga kuunganisha mwenyewe: kesi kubwa, i7 ya kizazi cha 4, RAM GB 16 na kadi ya grafiki GTX 750 Ti, vyote used. Fundi ananihakikishia hiyo inacheza kila kitu. Ila nilipoiwasha dukani feni zilivuma, na mama analala chumba kinachopakana na sebule. Naombeni mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Bahari_Tulivu, Tanga

Mkuu chukua kisanduku cha Android, chenji inabaki.

FundiSakina, Arusha

Kisanduku kingetosha kama shida ingekuwa filamu tu. Huyu ana DVD za kunakili na anataka kitu cha kudumu.

Mluguru, usitoe hela kwanza. Kwenye kuangalia video nguvu ya jumla ya prosesa si hoja kubwa. Hoja ni kama ndani ya chipu kuna sehemu maalumu ya kufungua aina ya video unayoangalia. Filamu nyingi za 4K zimebanwa kwa HEVC (njia mojawapo ya kubana video) ya biti 10, yenye ngazi nyingi za rangi kuliko ya biti 8. Intel kizazi cha 4 haina kabisa sehemu hiyo, na 750 Ti haina uwezo kamili wa HEVC. Maana yake prosesa itabeba mzigo wote peke yake, itapata moto, na feni ulizozisikia dukani zitavuma hivyo filamu nzima. Utakuwa umelipia i7, kadi na RAM 16 halafu picha inakatakata.

Tafuta kompyuta ndogo za maofisini zilizotumika, zile zinazolingana na kitabu kinene: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Hakikisha prosesa ni Intel kizazi cha 7. Grafiki zake za ndani zinafungua HEVC ya biti 10 na VP9 (njia ya kubana video inayotumiwa na YouTube) bila jasho, kwa hiyo kadi ya nini? RAM GB 8 inakutosha, na ukipata vijiti viwili vya 4 ni bora kuliko kimoja cha 8, maana grafiki za ndani zinakula RAM hiyohiyo.

Mluguru_Kilakala

Asante sana fundi. Kuna mtu ana OptiPlex ya kizazi cha 6, bei iko chini kidogo. Tofauti ni kubwa kiasi hicho?

FundiSakina

Kwako ni kubwa. Kizazi cha 6 kinafungua HEVC ya biti 8 tu, 4K zako zitakusumbua. Usikubali neno "Core i5" peke yake, soma namba: i5-6500T ni kizazi cha 6, i5-7500T ni cha 7. Hiyo T mwishoni ni ya wati 35, ndiyo unayoitaka kwa ajili ya kelele. Iwashe, ingia BIOS (menyu ya mashine yenyewe, kabla Windows haijawaka) usome mwenyewe, kisha sogeza sikio karibu na feni dakika kumi. Usione haya, hela ni yako.

DadaWaya, Mombasa

Hapo kuna mtego. Mashine nyingi za kizazi hicho HDMI yake ni 1.4, kwa hiyo 4K inaishia mara 30 kwa sekunde. Ukitaka 60 utoke kwenye tundu jingine la picha, DisplayPort, na adapta ya HDMI 2.0, ile yenye chipu ndani. Lakini kaka, filamu huwa na picha 24 kwa sekunde. Anza bila adapta: menyu iweke 1080p, kisha kwenye Kodi (programu ya bure ya kuchezea filamu kwenye TV) washa mpangilio wa kulinganisha kasi ya skrini na video. Utakachokosa ni HDR, yaani ule mwanga na rangi pana zaidi.

Windows isikusumbue. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yaliisha Oktoba 2025, na prosesa karibu zote za kizazi cha 7 hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Weka LibreELEC, mfumo endeshi unaokaa badala ya Windows; ni ya bure, inawaka moja kwa moja ndani ya Kodi. Mama hataona kitu kingine. Netflix iache kwenye TV yenyewe.

Na rimoti: HDMI ya kompyuta kwa kawaida haipokei amri za rimoti ya TV. Nunua ile yenye kidude chake cha USB, vitufe vikubwa, vichache. Sabufa nayo ichomeke kwenye TV, sio kwenye kompyuta, ili hata taarifa ya habari itokee humo.

Mzee_wa_Kanda, Dodoma

Mwanangu, nimerekodi harusi miaka ishirini, nisikilize kuhusu hizo DVD. Anza nazo leo, mashine baadaye. DVD za kuchoma (zilizorekodiwa kwa kompyuta, si za kiwandani) zinakufa kimyakimya. Futa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe.

Inayoganda isome kwa ddrescue, programu ya bure ya kuokoa data kwenye diski mbovu. Inachukua kwanza sehemu nzima, halafu inarudi kwenye mbovu, na inaweka kumbukumbu ya ilipofika, hivyo unaweza kuendelea kwa draivu nyingine ya DVD. Draivu moja ikishindwa, nyingine husoma. Usizibane upya ili kuokoa nafasi: DVD ya kawaida ni GB 4.7, arobaini hazifiki GB 190. Diski ya SSD ya GB 256 inazimeza. Nakala ya pili weka kwenye diski nyingine.

Ukiona michirizi kama meno ya chanuo watu wanapocheza, usidhani video imeharibika. Kamera zetu zilirekodi kwa mistari inayopishana, kwa hiyo washa deinterlace kwenye Kodi, mpangilio unaoiunganisha mistari hiyo.

FundiSakina

Nyongeza: ndani ya BIOS kuna mpangilio wa mashine kujiwasha umeme ukirudi. Uwashe, mama asihangaike na kitufe.

Mluguru_Kilakala, wiki tatu baadaye

Wakuu, narudi na mrejesho. Nimepata OptiPlex 3050 Micro, i5-7500T, RAM 8, SSD 256, kwa laki tatu na nusu. Muuzaji wa kwanza alinipa ya kizazi cha 6 akasema ni cha 7, nikasoma namba nikamrudishia. Rimoti na draivu ya DVD ya USB vimeingia kwenye bajeti na kuna kilichobaki. 4K zinacheza vizuri, na usiku sebule ikiwa kimya siisikii kabisa.

Mzee wa Kanda, Mungu akubariki. Zimesomeka 37 zote nzima. Mama ameangalia sendofu ya dada mkubwa mara nne, kuna sehemu baba anaingia na ndoo ya soda kichwani, anairudisha nyuma mwenyewe kwa rimoti.

Zimebaki tatu, mbili kati yake ni za msiba. Draivu yangu inaishia nusu. Kama kuna mtu hapa Morogoro ana draivu ya kompyuta kubwa ya zamani, naomba aniazime siku mbili. Kumbukumbu ya ddrescue ninayo, nitaendelea nilipoishia.