Vuvuzela: hii hadithi ya pembe ya tandala tunaiamini kwa ushahidi gani?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Tangu Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini nasikia hadithi ileile: eti vuvuzela, lile baragumu la plastiki la mashabiki, ni mjukuu wa pembe ya tandala, ile waliyopuliza mababu wa kusini kuwaita watu barazani. Watangazaji wanaisema, wauzaji wanaisema, hata mwalimu wa mwanangu kaisema. Mimi nasema haina miguu. Anayeiamini aje anipinge hapa.

Naanza na mahali pa kuwekea mdomo. Pembe za kupuliza za Afrika kwa sehemu kubwa hutobolewa tundu ubavuni. Phalaphala ya Wavenda, ambayo ndiyo pembe ya tandala yenyewe, hupulizwa ubavuni. Siwa za kwetu pwani, ile ya Pate ya pembe za ndovu na ile ya Lamu ya shaba, nazo ni ubavuni. Vuvuzela unaipuliza nchani. Mjukuu gani huyu asiyefanana na ukoo mzima?

Sasa msikilizeni Freddie Maake, yule shabiki wa klabu ya Kaizer Chiefs waliyemwita "Saddam". Yeye alisema mwaka 1965 alichukua honi ya baiskeli, akang'oa ule mpira wa kubinya, akaipuliza kwa mdomo. Akaiona fupi, akaiunga bomba. Baadaye ya chuma ikakataliwa viwanjani kwa kuwa mtu anaweza kumpasulia mwenzake kichwa, ndipo akatafuta ya plastiki. Alikuwa na picha za zamani akiwa nayo jukwaani, miaka mingi kabla dunia haijalijua neno vuvuzela. Mwaka 2001 Neil van Schalkwyk wa Cape Town, kupitia kampuni ya Masincedane Sport, akaanza kuzitoa za plastiki kwa wingi. Maake hakuwa na hataza, ile hati ya kulinda uvumbuzi. Fedha zikapita mlango wa pili.

Kwa hiyo kwangu asili ya zile kelele ni vitongoji vya Johannesburg, mashabiki wa Chiefs na Orlando Pirates, watu wa viwandani wenye spana na mabomba. Porini hakuhusiki. Na nadhani najua kwa nini tandala alipendwa zaidi. Kwenye Kombe la Mabara la 2009 Wazungu walilalamika sana, Xabi Alonso, kiungo wa Hispania, akataka vuvuzela zipigwe marufuku, Blatter, rais wa FIFA wakati huo, akazitetea kwamba ndiyo sauti ya soka la Afrika. Honi ya baiskeli unaweza kuipiga marufuku asubuhi na mapema. Urithi wa mababu utaanzia wapi? Tandala aliletwa kama wakili.

Mchangiaji 1

Mkuu, umeandika vizuri ila umewaruka wenye mali. Kuna kanisa la Nazareth Baptist, waumini wa Isaiah Shembe, KwaZulu-Natal, lipo tangu karibu mwaka 1910. Wana baragumu refu linaitwa imbomu, wanalipuliza kwenye ibada na ngoma zao na wakati wa kupanda mlima Nhlangakazi kila Januari. Wao wanasema waumini wao waliokuwa mashabiki wa mpira ndio walioliingiza viwanjani. Kabla ya Kombe la Dunia walitishia kwenda mahakamani, mpaka wakaelewana na watengenezaji.

Na imbomu hupulizwa nchani. Hoja yako ya mdomo inawabeba wao, haikubebi wewe.

Mchangiaji 2

Wote mnaongea kana kwamba dunia inaishia Limpopo. Mabaragumu ya plastiki yalikuwa viwanjani Mexico tangu miaka ya 1970, na Wabrazili wana corneta yao. Afrika Kusini haikuvumbua kupuliza plastiki. Ilipata kamera nyingi tu.

Mchangiaji 3

Jamani mnagombea asili ya kitu ambacho hata si ushangiliaji. Nitasema na mnipige mawe. Kushangilia ni kujibizana: timu ikibanwa wimbo unashuka, ikipata kona unapanda. Vuvuzela ina noti moja, dakika ya kwanza hadi ya 90, iwe bao, iwe mchezaji kavunjika mguu. Na ukikaa mbele yake ni zaidi ya desibeli 110 kwenye sikio lako. Mwaka 2010 nilitazama mechi ya ufunguzi kibanda umiza, Tshabalala alipofunga tukajua ni bao kwa macho. Kelele zilikuwa zilezile za kabla ya bao.

Mnataka ushangiliaji wenye asili isiyo na ubishi? Nendeni Nairobi mechi ya AFC Leopards, msikilize isukuti. Ngoma ile ina kwao, jamii za Waluhya za Isukha na Idakho, na UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014. Inapigwa harusini, matangani, na jukwaani, na mpigaji anaangalia mpira unakwenda wapi. Hakuna mtu aliyehitaji kuitungia tandala.

UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, walipozipiga marufuku vuvuzela Septemba 2010 watu walilia ubaguzi. Mimi nilinyamaza.

Mleta mada

Mchangiaji 1, hapo umenikamata, nakubali. Ya mdomo naifuta kwa upande wa Shembe, nabaki nayo kwa tandala. Ila angalia: kanisa linaeleza umbo, halielezi tabia. Imbomu ilikuwa mlimani miaka mingi, mbona viwanja havikujaa? Ilijaa pale plastiki iliposhuka bei. Maake alileta wazo, kiwanda kikaleta wingi, na kanisa huenda lilileta masikio yaliyokwisha kuzoea. Ukiniuliza nani alipwe, ningeanza na Maake, maana wengine wote walipata kitu.

Dada wa isukuti, sikupigi mawe, lakini hutendi haki. Unaisikia vuvuzela kwenye televisheni, ambako kipaza sauti kinabana elfu themanini kuwa nyuki mmoja. Kukaa jukwaani ni kitu kingine.

Mchangiaji 3

Nimekaa jukwaani. Nyuki yuleyule.

Mchangiaji 4

Nimesoma mada yote kwa utulivu. Mnasahau kwamba sehemu kubwa ya zile za 2010 zilitoka viwanda vya China. Mnagombea ukoo wa mtoto ambaye cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Zhejiang. Yangu niliinunua Kariakoo, ikapasuka siku ya tatu, nikaifanya faneli ya mafuta ya taa.