Ushauri wa kisukari kwa simu unawaumiza vijana wa aina ya kwanza

Wakuu, uzi huu naufungua kwa hasira. Huduma za ushauri wa kisukari kwa simu zimejaa, na nyingi zinamtumia kijana wa aina ya kwanza meseji zilizoandikwa kwa ajili ya mzee wa aina ya pili. "Punguza uzito, acha wanga, tembea nusu saa." Kongosho la huyu kijana halitengenezi insulini! Anaishi kwa sindano, na ushauri usioanza na sindano ni hatari kwake.

Chukua kijana anayejichoma insulini mchanganyiko, ile yenye rangi ya maziwa, asubuhi na jioni. Asilimia 70 yake hufanya kazi polepole na hupamba moto kuanzia masaa manne hivi baada ya kuchoma. Aliyechoma saa moja asubuhi, ikifika saa tano au saa sita dawa iko kileleni. Ukimwambia aruke ugali wa mchana, sukari itashuka mno na ataanguka darasani. Dawa ikishaingia mwilini hairudi nyuma, kwa hiyo kwenye dozi ya aina hii chakula kinatakiwa kiwe cha saa ileile na kiasi kilekile kila siku. Nani anawaambia hivyo?

Halafu programu zenyewe zinauliza vikombe vya shayiri. Ulizeni unga! Gramu 100 za unga wa mahindi mkavu zina wanga wa gramu 75 hivi. Kupika kunaongeza maji tu, kwa hiyo unga unapimwa kabla ya kuingia sufuriani, kisha unagawanywa kwa idadi ya walaji.

Na mpira je? "Fanya mazoezi" siyo maelekezo. Apime sukari ya damu kabla. Ikiwa chini ya 90 (namba zangu zote hapa ni za mg/dL), ale kwanza wanga wa gramu 15 hadi 20. Ikizidi 250, apime kwenye mkojo ketoni, yaani tindikali zinazojaa mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini, na zikionekana asicheze. Asichome pajani muda mfupi kabla ya kukimbia, maana dawa itaingia haraka kuliko kawaida. Mechi ya jioni inaweza kushusha sukari usiku wa manane, hivyo apime kabla ya kulala na tena saa tisa usiku. Akinywa pombe siku hiyo hatari inaongezeka, kwa sababu ini likishughulika na pombe haliachii sukari vya kutosha.

Sukari ikishuka chini ya 70, meseji inajibu: "wasiliana na daktari wako." Jamani! Vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji nusu glasi, au mililita 150 za soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima, rudia kama bado iko chini, kisha kula. Chokoleti na chapati siyo za kuanzia, mafuta yanachelewesha sukari. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali.

Linalonikera kuliko yote ni ushauri wa "kama huli, usichome." Huu unaua. Mwili unaoumwa unahitaji insulini hata bila chakula. Dozi inarekebishwa, haikatwi. Anayetapika, anayehema kwa nguvu, pumzi ikinuka kama matunda, huyo ni wa hospitali sasa hivi, wala asipangiwe simu ya video kesho.

Fomu zenu nazo zinaomba "kiwango cha sukari" bila kuuliza kipimo. Mashine moja inasoma 5 (mmol/L), nyingine 90 (mg/dL), na ni sukari ileile: ile ndogo unazidisha kwa 18.

Simu za video mnapiga saa nne asubuhi, kijana yuko chuoni na bando linaisha. Pokeeni picha ya daftari la siku saba: saa, sukari, yuniti alizochoma, alichokula, kazi aliyofanya. Hapo mshauri ataona tatizo liko wapi kabla hata ya kupiga. Na acheni kuongea na mama wakati mgonjwa ana miaka 20! Dakika kumi za kwanza ziwe zake peke yake, la sivyo hatasema kwamba anaruka sindano ya usiku au kwamba stripu za kupimia sukari zimeisha tangu wiki iliyopita.

Mnaoendesha huduma hizi mumo humu. Jibuni: nani kati ya washauri wenu amefundishwa kurekebisha dozi, na saa tisa usiku nani anapokea simu?