MREJESHO: Vibao vya CNC, manyoya kwenye herufi yameisha

Wakuu narudi na mrejesho. Niliuliza kwanini herufi ninazochonga kwenye vibao vya paini kwa CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) zinatoka na manyoya pembeni, yaani nyuzi za mbao zilizochanika, na kitu gani kidogo kinauzika hapa Dar. Aisee aliyesema nibadilishe biti (kile kisu kinachozunguka na kukata) alikuwa sahihi, ile ya mwanzo inavuta unga kwenda juu ndo maana inang'oa nyuzi, nimeweka inayosukuma chini ukingo unatoka safi kabisa, ila sasa unga unabaki kwenye mfereji so nakata kina kidogo kidogo huku nanyonya na vakyumu, ukizembea biti inapata moto na mbao inaungua.

Mbao nimehamia mninga, mabaki ya mafundi fanicha wa Keko, vile vipande vifupi ambavyo kwenye kitanda havina kazi. Ukipaka mafuta tu rangi inajiuza yenyewe.

Biashara sasa: trei na stendi za simu watu wanasifia halafu wanasepa, kinachotoka ni vibao vya mlangoni vyenye jina la familia. Nachukua advansi nusu kabla sijawasha mashine maana jina la mtu utamuuzia nani mwingine?

Mdau aliyeshauri nichaji kwa dakika za mashine hapo sikubaliani nae, mashine inakata yenyewe, kinachokula muda ni msasa, hasa ndani ya herufi kama "a" na "e", kwahiyo nachaji kwa idadi ya herufi.

Limebaki moja, umeme ukikatika katikati ya kazi mnairudishaje mashine sifuri palepale, yaani ile nukta inapoanzia kupima?