Monita mpya, kalibreta au nibadilishe programu? Picha moja inanipa rangi mbili

Fundi_Lenzi (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina laki saba na Jumamosi nashuka Kariakoo, naomba ushauri kabla hela haijatoka. Nikihariri kwenye Lightroom, ngozi ya bibi harusi inakaa vizuri kabisa. Nikiifungua kwa programu ya kawaida ya kutazamia picha, gauni limekuwa la bluu na uso umepoa kama wa mtu anayeumwa. Nikiirusha kwenye simu, bluu ileile. Nimechoka kweli. Ninunue monita yenye rangi pana, kalibreta (kile kifaa cha kupima rangi za kioo), au niachane na Lightroom nihamie darktable, programu nyingine ya kuhariri?

Kivuli_cha_Mbuyu
Mkuu, umetaja hela lakini hujasema mgonjwa anaumwa wapi. Laptopu gani? Windows ya ngapi? Kamera umeiweka sRGB (rangi za kawaida za skrini) au Adobe RGB (rangi pana zaidi)? Picha zinaishia kwenye albamu au WhatsApp? Bila hayo tutakupa dawa ya malaria wakati unaumwa jino.

Monita_Kwanza
Nunua monita, maswali baadaye. Laptopu nyingi za bei ya kawaida zina kioo cha asilimia 45 ya NTSC, kipimo cha upana wa rangi, wakati sRGB nzima ni kama asilimia 72 kwa kipimo hichohicho. Maana yake nyekundu ya kitenge huioni kabisa, unakisia tu. Tafuta monita ya IPS (kioo kisichobadilisha rangi ukikitazama pembeni) inayofika sRGB asilimia 100. Kalibreta haiongezi rangi ambayo kioo hakina.

DadaPikseli
Sentensi ya mwisho nakubali, nyingine hapana. Mleta mada hajalalamika kwamba rangi hazitoshi. Kasema programu mbili zinatofautiana kwenye kioo kilekile, na monita mpya haitatibu hilo.

Lightroom inasoma profaili mbili (maelezo ya namna rangi zisomwe), ya picha na ya kioo, kisha inageuza rangi kutoka moja kwenda nyingine. Programu nyingi za kutazamia hazifanyi hivyo. IrfanView mpaka uiwashie mwenyewe kwenye mipangilio, na XnView MP nayo ina sehemu yake ya kuangalia. Sasa, kama Windows imepewa profaili mbovu ya kioo, Lightroom ndiyo inayoitii. Inakuonyesha kila kitu cha njano, wewe unavuta kwenda bluu mpaka macho yaridhike. Programu isiyosoma profaili inakuonyesha ile bluu uliyoongeza. Simu nayo imekubaliana nayo, kwa hiyo ni wawili dhidi ya mmoja.

Jaribu hivi: fungua picha nyeupe tupu ndani ya Lightroom. Ikiwa na unjano, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika colorcpl, chagua kioo chako, ongeza sRGB IEC61966-2.1 na uiweke iwe ya msingi. Funga Lightroom, ifungue upya. Hulipi hata senti.

Tabata_RAW
Dada, hiyo ni huduma ya kwanza tu. sRGB siyo profaili ya kioo chake, ni makubaliano ya jumla yaliyotoka HP na Microsoft mwaka 1996. Kioo chake kina tabia zake, na kifaa cha kupima ndicho kitakachozijua. Mimi natumia DisplayCAL, programu ya bure inayotumia ArgyllCMS, nalenga weupe wa 6500K (kama wa mchana) na mwanga wa kioo wa 120 cd/m². Kura yangu ni kalibreta.

DadaPikseli
Sijapinga kalibreta. Napinga kutoa hela kabla hatujajua kinachoumwa.

Fundi_Lenzi
Samahanini wakuu, nilikuwa kazini. Laptopu ni ya mtumba, Windows 10, kioo chake sikijui. Kamera nimeiweka Adobe RGB kwa sababu niliambiwa ni pana zaidi. Kazi zangu ni harusi na sendoff, albamu zinasafishwa labu na nyingine zinatumwa WhatsApp.

Mama_Albamu
Hapo kwenye Adobe RGB na labu ngoja niseme, maana bado lina uchungu.

Nilipiga sendoff Mbezi, akina mama wameshona sare ya kitenge cha chungwa na kijani, kimekolea kwelikweli. Mafaili nikayapeleka labu moja mjini yakiwa Adobe RGB, profaili imo ndani, na pale kaunta nikawaambia. Albamu ikarudi imeshabanwa na jalada juu. Chungwa limekuwa kama tope, kijani kimekufa, ngozi zote za kijivu, mpaka shangazi aliyekaa karibu na taa. Nikaenda na laptopu, nikaiweka pembeni ya skrini yao. Faili lilelile: kwangu kitenge kinawaka, kwao kimepauka. Programu yao ilikuwa inasoma namba za Adobe RGB kana kwamba ni sRGB. Kijana akanijibu faili langu ndilo bovu. Nikalipa upya kusafisha, nikalipa upya kubana, na mama mzaa chema akasubiri huku ananipigia kila asubuhi.

Siku hizi nasafirisha kila kitu kwa sRGB na profaili ndani. Naagiza kwanza kipande cha 4x6 cha uso mmoja na kitambaa kimoja. Kikitoka sawa ndiyo natoa albamu nzima. Fundi, kama unapiga RAW (data ghafi ya kamera), ile Adobe RGB ya kwenye kamera inagusa JPEG tu, RAW haiguswi. Kinachoamua ni unachochagua wakati wa kusafirisha kutoka Lightroom.

Kivuli_cha_Mbuyu
Pole sana mama. Labu ingeandika ukutani tu inapokea nini, watu tungepumzika.

Tunda_la_Apple
Ndiyo maana nasema hamieni Mac. ColorSync, mfumo wake wa kusimamia rangi, ipo tangu 1993, na Preview, programu yake ya kutazamia, inasoma profaili bila kuambiwa.

Monita_Kwanza
Kwa laki saba Mac gani, mkuu? Iliyovunjika kioo?

Tunda_la_Apple
Za mtumba zipo, tafuta kwa utulivu. Mtu anahangaika na colorcpl usiku kucha wakati kuna mashine imeshamaliza kazi hiyo.

Tabata_RAW
Mac yenye kioo kilichozeeka nayo inataka kupimwa. Tusimpotoshe mgeni.

Kijana_wa_Sinza
Wateja wangu wote wanaangalia picha kwenye simu, na Samsung nyingi wameziacha kwenye Vivid, mpangilio unaokoleza rangi. Hata ukikalibreti mpaka alfajiri, mteja ataona nyekundu iliyozidi. Mnapigania nini?

Mama_Albamu
Mwanangu, simu ya mteja siwezi kuishika. Faili naweza. Likitoka sawa, kila simu inakosea kwa namna yake. Likitoka limepinda, simu zote zinapinda pamoja nalo. Na albamu itakaa sebuleni miaka ishirini, simu itabadilishwa.

Tabata_RAW
Kingine, Fundi: umeme ukikatika laptopu ikahamia betri, nyingi zinajipunguzia mwanga zenyewe. Ukiendelea kuhariri hapo unapandisha mwanga wa picha bila kujua. Mwanga wa kioo ukizidi nao, picha za labu zinatoka giza. Zima na Night Light, inatia kioo unjano.

Fundi_Lenzi
Mrejesho: nyeupe kwenye Lightroom ilikuwa na unjano waziwazi. Nimeweka sRGB kama dada alivyosema, sasa Lightroom na ile programu nyingine zinafanana. DadaPikseli, Mungu akubariki. Ila harusi zangu za mwezi uliopita sasa zote naziona za bluu, nitazirudia. Monita na kalibreta bado vinanigawa.

Monita_Kwanza
Monita.

Tabata_RAW
Njoo Tabata na laptopu nikupimie kwa Spyder, kalibreta yangu, uone kioo kinafika wapi, ndipo uamue. Chai utanunua wewe.

Kijana_wa_Sinza
Hiyo Spyder ni ya lini? Za zamani vichujio vyake huchakaa, vipimo vinapotoka.

Tabata_RAW
Yangu ni mpya kiasi, na naitunza kwenye mfuko wake.

Mama_Albamu
Nami nitakuja. Kuna anayejua wa kuchapa kwenye kanvasi hapa Dar anayekupa profaili ya kanvasi yenyewe kabla hujalipa? Nina kazi ya familia moja Mikocheni, inatakiwa mwisho wa mwezi.