Maktaba za umma hutoa nini zaidi ya vitabu?

Mpenda Maktaba:
Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu. Nimo katika kamati inayoishauri maktaba ya umma, na kikao kijacho kitajadili iwapo inafaa maktaba iazimishe vitu vingine mbali na vitabu. Baadhi ya wajumbe wanaona kwamba kufanya hivyo ni kuiacha kazi yake ya msingi. Je, ni huduma zipi ambazo zimejaribiwa kwingineko na zikadumu?

Mkutubi Mstaafu:
Kwa habari ya kudumu, ningeanza na Berkeley, California, ambako maktaba ya umma imekuwa ikiazimisha zana za ufundi tangu mwaka 1979. Hoja ni ileile ya vitabu: mashine ya kukatia vigae huhitajiwa na mtu kwa siku moja au mbili, kisha hukaa stoo miaka mingi, kwa hiyo moja inaweza kuwatosha watu wengi wakipokezana. Maktaba ya Oodi mjini Helsinki, iliyofunguliwa Desemba 2018, imekwenda mbali zaidi, kwani ndani yake mna cherehani, printa za 3D, studio za muziki na hata jiko, na bado ina vitabu vipatavyo 100,000. Wajumbe wako wanaohofia vitabu kufukuzwa waelezwe hilo kwanza.

Mtunza Bustani:
Mimi napendekeza mbegu. Msomaji huchukua pakiti, hupanda, na baada ya mavuno hurudisha sehemu ya mbegu alizozipata. Anzeni na maharage, nyanya na saladi, kwa kuwa mimea hiyo kwa kawaida hujichavusha yenyewe na mbegu zake huzaa mmea unaofanana na mzazi. Maboga yaacheni kwanza: nyuki huchanganya chavua za aina mbalimbali, na mtu anaweza kurudisha kwa nia njema mbegu ambazo hakuna ajuaye zitazaa nini.

Mpenda Maktaba:
Nawashukuru nyote. Mweka hazina wetu atauliza juu ya uharibifu, na sina jibu.

Mkutubi Mstaafu:
Jibu ni kukitayarisha kifaa kabla hakijatoka. Mwaka 2008 chama cha wapenda falaki cha New Hampshire kilianza kuzipa maktaba darubini ndogo za kutazamia nyota, zikiwa zimerekebishwa ili vifuniko visipotee na lenzi ya kutazamia isifunguliwe ovyo, na mpango huo ukaenea hadi majimbo mengine ya Marekani. Kwa kuanzia, lakini, ningechagua kitu kidogo zaidi, kama vile vipimo vya matumizi ya umeme, ambavyo huchomekwa kati ya soketi na friji na kumwonyesha mtu ni kifaa kipi kinachompandishia bili.

Msomaji wa Jioni:
Niongeze kwamba si lazima huduma iwe kitu cha kubeba. Maktaba ya umma ya San Francisco iliajiri afisa ustawi wa jamii mwaka 2009, kwa sababu watu wasio na makazi walikuwa tayari wanashinda humo, na wakutubi, ambao hawakusomea kazi hiyo, ndio waliokuwa wakiulizwa mahali pa kulala. Kamati yenu ingefanya vyema kuwauliza wahudumu wa mapokezi ni maswali gani wanayoulizwa kila siku yasiyohusu vitabu, kabla ya kununua chochote.