Plasta inabambuka, Mji wa Kale

Swali: Jamani, ukuta wa mbele wa nyumba ya mawe ulipigwa saruji. Sasa plasta inabambuka, unga mweupe unatoka. Nirudie?

– Usirudie saruji, ndugu yangu. Mawe ya nyumba hizo ni matumbawe, nayo hunyonya maji. Saruji huyafungia ndani, chumvi, ndiyo unga huo mweupe, ikiganda inaisukuma plasta. Bambua yote, lowesha ukuta, piga chokaa 1 kwa mchanga 3, tabaka isizidi sentimita 1. Funika magunia yaliyoloa wiki nzima, la sivyo jua la kaskazi litaipasua.

– Mchanga wa ufuoni hapana! Una chumvi ile ile. Na rangi ya plastiki pia huziba, paka chokaa.

– Kwanza gonga ncha za boriti zinapoingia ukutani. Zikilia kama zina uwazi ndani, zimeliwa na wadudu. Mtaa umejaa zege siku hizi, mafundi wa chokaa wa kuhesabu.